Chunjua Kwenye Mikono ya Kusinga

Jumatatu, 14 Aprili
Nimetwanga liwa na karafuu, nimechanganya na maji ya waridi. Singo ya kumsugulia Zuhura, binti wa dada yangu. Harusi mwezi ujao, Kisarawe. Chunjua zimeongezeka. Mbili kwenye gumba, nyingine zimezunguka kucha. Kusinga maharusi ndiyo kazi inayonilisha. Nani atakubali vidole hivi vimpite shingoni? Naogopa.

Jumanne, 15 Aprili
Hospitali, hapa Kibaha. Ujinga wangu: kabla ya kutoka nilijipaka piko vidole vyote, watu wasinione kinyaa. Kumbe daktari haoni chunjua inaanzia wapi. Amenirudisha hadi rangi itoke. Nimejiponza mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili
Piko limefifia. Nimechomwa. Dawa yenyewe ni chanjo ya surua, ile wanayochomwa watoto. Wameitia ndani ya chunjua moja tu, ile kubwa ya kwenye gumba. Daktari anasema kinga ya mwili ikishtuka pale, itazisaka na nyingine zote. Maumivu yalifika kwapani. Akasema pia kwamba zinaambukiza kwa kugusana. Baada ya hapo sikusikia tena alichosema.

Alhamisi, 1 Mei
Gumba limevimba. Homa. Wameniambia ni kawaida, lakini siamini. Nimelala nikiwakumbuka maharusi niliowasinga mwaka huu, mmoja mmoja, migongo yao. Hofu tupu.

Jumanne, 13 Mei
Sindano ya pili. Ile kubwa imekuwa nyeusi. Nyingine ziko vile vile, hazina habari. Dada amepiga simu, anataka niwahi. Sijamwambia kitu. Nitamwambiaje?

Jumapili, 18 Mei
Kisarawe. Zuhura kajilaza mkekani, mlango umefungwa, wanawake wanaimba uani. Bakuli la singo mbele yangu. Nikamwonyesha vidole, nikamwambia yote.

Hakushtuka. Akageuza kiwiko. Chunjua, changa bado.

"Mama mdogo, hata mimi ninayo. Ilitoka baada ya wewe kunisinga ile sikukuu ya Idi. Nilikuwa naogopa ukiiona utakataa kunisinga."

Nimelia. Ni mimi niliyempa. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Tukamwita Dada. Kafoka kidogo, kisha kavaa glavu, akampaka mwenyewe. Mimi nilikaa upande wa kichwa chake nikielekeza. Anasinga kama anakandika ukuta.

Jumamosi, 24 Mei
Ameolewa. Kapendeza. Sikumgusa hata wakati wa kumuaga, nilificha mikono ndani ya khanga. Watu wamedhani nimenuna.

Jumanne, 10 Juni
Mikono yangu imekwisha kuwa safi. Hata zile ambazo hazikuchomwa zimekauka zikadondoka, sijui siku gani. Nikitazama vidole siviamini.

Zuhura alikuja kwa zamu yake ya sindano, nikampeleka hospitali. Fungate imeisha, mumewe kamruhusu alale kwangu. Daktari akamuuliza kama ana mimba. Akatazama sakafu, akasema hajui. Basi hachomwi, arudi akishapima. Na kama anayo, atasubiri mpaka ajifungue.

Tumerudi nyumbani. Chai hakumaliza. Amejinyoosha jamvini, kichwa mapajani kwangu, akaniambia mgongo unamuuma, nimkande. Daktari ameniambia zinaweza kunirudia nikigusana na mwenye nazo.

Nimemkanda, mgongo kisha mikono, mpaka viwikoni. Sasa amelala.