Baba Niliyemupa Camille

Lundi, 12 Oktoba 1998

Muzungu wetu amefika, na si muzungu.

Ba Mwewa wa ofisi ya samaki aliniambia tangu mwezi jana: kuna mwanafunzi anatoka Ubelgiji, anakuja kufanya staji, mazoezi ya masomo yake, miezi mitatu hapa Nchelenge, Zambia, kupima samaki na kuongea na wanawake wanaouza. Kibemba hajui, Kiswahili hajui. Mimi nilifundisha shule kule Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, miaka tisa, Kifaransa ninacho. Basi nitakuwa kinywa chake, na atalala kwangu. Nikapaka chumba chokaa. Nikatafuta siagi katika maduka matatu.

Basi ya Mansa ilisimama saa tisa. Nikatazama kama kuna muzungu — hakuna. Walishuka wamama na mizigo yao, halafu musichana mumoja, murefu, mwembamba, nywele fupi kama za mwanaume, mufuko mukubwa mugongoni. Mweusi kunishinda mimi. Nikaendelea kungoja. Ba Mwewa ndiye aliyenigusa mukono: “Madame Marlène, ni huyu.”

Anaitwa Camille. Miaka ishirini na mbili. Kifaransa chake ni cha redio kabisa. Siagi hakugusa, aliomba bukari, ugali wetu.

Nimeudhika. Sijui juu ya nini.

Jeudi, 15 Oktoba

Hii siwezi kumuambia mutu. Ni sura yake. Ile pua, ile shingo ndefu.

Wamama wa sokoni wanamutazama, halafu wananiuliza chini chini: Madame, huyu ni mutu wa wapi? Tangu vita ilianza kwetu mwezi wa nane, ng'ambo ya ziwa mutu yeyote murefu mwembamba wanasema ni Munyarwanda, ni yeye ameleta waasi. Kilwa niliona walivyomufanyia kinyozi mumoja. Sitaandika.

Na mume wangu Hénoc alienda Kalemie kuuza samaki mbele mji haujaanguka kwa waasi. Wiki nane sasa. Hakuna barua, hakuna mutu aliyemuona.

Na mimi namupikia musichana mwenye sura ile. Namuwekea maji ya kuoga. Leo nilimuuliza wazazi wake ni wa wapi. Akasema Liège, Ubelgiji. Akafunga mulango wa chumba.

Mardi, 20 Oktoba

Aibu leo kando ya ziwa. Camille alisimama mbele ya wamama wanaoanika chisense, dagaa wa ziwa letu, akaanza kueleza — na mimi natafsiri — kwamba nyavu zao zina matundu madogo sana, zinavua watoto wa samaki, ziwa litakwisha. Amelisoma katika vitabu. Anaongea vizuri, na mikono.

Bana Chalwe hakumuacha amalize. Jina lake Rosaria, lakini wote wanamuita Bana, mama wa Chalwe, mutoto wake wa kwanza. Ana nyavu mbili na bwato lake mwenyewe. Alimwaga beseni nzima ya chisense mbele ya miguu ya Camille. “Muambie achague wale watoto,” akasema. “Achague, nitawarudisha ndani ya maji.”

Wamama wakacheka. Nikatafsiri, sikulainisha neno hata moja. Ndani yangu nilifurahi. Ni mbaya, lakini nilifurahi.

Mercredi, 21 Oktoba

Nilifikiri leo hatatoka. Alinitangulia.

Alikaa chini, kwenye mukeka wa Bana Chalwe, na wembe na lupu, kioo chake kidogo cha kukuza vitu. Akaanza kupasua matumbo ya chisense, moja moja. Asubuhi nzima. Samaki wa urefu wa kidole, na ndani mayai. Mwingine, mayai. Mwingine, mayai. Samaki wazima, basi! Chisense haikui kupita pale — kila mutoto wa hapa anajua.

Saa sita akainuka, nguo yote magamba, akamuendea Bana Chalwe. Hakuniomba nitafsiri. Alisema kwa Kiswahili chake cha siku tisa: “Mama, miye nilikosa. Weye unajua.”

Bana Chalwe alimutazama sana. Halafu akamupa kiti.

Njiani aliniambia kwamba alitoka kwao na majibu yameandikwa tayari, alikuja tu kutafuta mahali pa kuyaweka. Karatasi kumi na moja amezikata kalamu. Nilikuwa nahesabu karatasi zangu mimi.

Mercredi, 28 Oktoba

Tulikuwa tunachambua mboga. Akaniambia mwenyewe, mimi sikuuliza.

Wazazi wa Liège walimulea. Walimuchukua kwa masista wa Bukavu akiwa na miaka miwili. Mwaka 1978. Katika karatasi yake, mahali pa baba pameandikwa hajulikani. Mama hajulikani. Angeweza kufanya staji mahali pengine, akachagua hapa juu palikuwa karibu zaidi na Congo bila kuingia katika vita. Anataka kusikia watu wakiongea, basi. Alisema: “Nikiwa kule, wananiuliza natoka wapi. Nilifikiri hapa hawataniuliza.”

Niliendelea kuchambua mboga. Anaweza kuwa Mushi, kabila la Bukavu. Anaweza kuwa mutu wa mahali popote. Anaweza kuwa kile ninachoogopa. Hata yeye hajui. Na wiki mbili mimi nilikuwa najua!

Vendredi, 30 Oktoba

Niandike kwa kufuatana.

Asubuhi tulikuwa bandarini, Camille anachora katika daftari mahali mabwato yanapotua, na anaweka alama yale yanayotoka Congo. Ni kazi ya staji. Mabwato matatu ya wakimbizi yalikuwa yameingia kutoka ng'ambo, watu wamechoka, wamekasirika. Parfait akamuona. Parfait ni muchuuzi wa Kilwa, namujua tangu utoto, ananiita yaya, dada mukubwa. Akanyakua daftari. Akaona mabwato, namba, mishale.

“Ni ramani,” akasema. “Anawachorea waasi. Mutazameni vizuri.”

Kufumba na kufumbua, watu arobaini, hamsini. Mwanamuke mumoja alimushika kola. Bana Chalwe akaja kusimama mbele yetu na fimbo ya kuanikia nyavu, mama munene vile, hakusogea. Ba Mwewa akafika mbio, akaonyesha karatasi ya staji yenye muhuri wa Lusaka. Hawakuitazama.

Parfait akaniambia: “Yaya Marlène, weye unaongea lugha yake. Muulize, baba yake ni mutu wa wapi? Atujibu tu hiyo.”

Nikamuuliza kwa Kifaransa. Akanijibu sawasawa, kweli kama ilivyo: “Sijui. Sijawahi kujua.”

Wote wakanigeukia.

Nikasema: “Baba yake ni Mutabwa wa Moba. Alifia Ubelgiji. Huyu ni mutoto wetu.”

Yule mwanamuke akaachilia kola. Parfait akabaki na daftari mukononi, akanitazama muda murefu. Mama yake Parfait ni Mutabwa. Wa Moba. Nilikuwa nimesahau, Mungu wangu, ao sikusahau — ni jina la kwanza lililokuja.

“Kama ni vile,” akasema, “ni ndugu yangu.”

Samedi, 31 Oktoba

Ba Mwewa alikuja mapema. Polisi wanataka nitie sahihi kwa yale niliyotafsiri jana, juu watu bado wanasemasema. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Madame, ni maneno yake kweli?” Nikasema kweli. Nikatia sahihi. Mwalimu wa miaka tisa.

Halafu Parfait, mulangoni pangu, amevua kofia. Amerudisha daftari, hata ukurasa hakuna uliopasuka. Ameleta na samaki. Anasema kambo wake, mama wa mama yake, yuko Puta, upande wetu huu wa ziwa, alivuka na wakimbizi. Anajua Watabwa wote wa Moba, ukoo kwa ukoo. Kesho atamuleta amuone mutoto.

Sijui kama ni upendo ao ni mutego. Macho yake hayakunionyesha. Pengine hata yeye hajui.

Niliweza kumuambia Camille jana kwamba nimemupa baba wa uongo. Niliweza leo asubuhi. Nilifikiri: afadhali asijue, akijua uso wake utatusaliti wote wawili. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Dimanche, 1 Novemba

Sikwenda misa. Wanakuja saa ine.

Nilisahau kwamba karibu wiki mbili amekaa na Bana Chalwe, masikio wazi. Baba. Yake. Moba. Maneno matatu, anayajua yote.

Tulikuwa na chai. Aliweka kikombe chini polepole na akaniuliza kwa Kifaransa: Ijumaa ulisema baba yangu ni wa Moba. Umejua vipi? Ulimujua?

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Alikuwa ananitazama namna Bana Chalwe alivyomutazama yeye siku ile. Alisema hakulala siku mbili. Alisema hakutaka kuniuliza haraka, labda nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumueleza. Na mutu wa Puta anayekuja, ni wa ukoo wa huyo baba?

Nilifungua kinywa. Kutoka njia ya bandarini nikasikia sauti ya Parfait anasalimia majirani, na fimbo ya mutu muzee, inagonga chini, inasimama, inagonga. Camille naye akasikia. Akakimbilia chumbani.

Naandika nikiwa nimesimama. Wamefika kwa jirani, muzee anapumzika kivulini, Parfait amenipungia mukono. Kama nikimuambia sasa, atatoka nje na uso uliovunjika na Parfait atausoma. Kama sikumuambia —

Ametoka chumbani. Amevaa kitenge changu, amekifunga vibaya, upande mumoja unaburuta. Amefunga na kitambaa kichwani. Ananiuliza kwa Kiswahili, pole pole ili asikosee: “Yaya, kwa kambo, mutu anapiga goti moja ao mbili?”

Mbili, nimesema. Na unashusha macho. Njoo nikufungie kitenge.