Mashine Isiyosema Bismillah

Mama Mshauri, pole kwa kazi na pole kwa matatizo yetu yasiyokwisha, mimi ni mwanamke wa Kansanga, hapa Kampala, na nimefanya jambo ambalo sijui kama ni dhambi au ni akili, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi. Majina nimebadilisha yote isipokuwa la shemeji yangu Nasif, kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Mume wangu Sulaimani ni mchinjaji, na juzijuzi fahali alimwangukia machinjioni akamvunja mfupa wa paja, na yeye anasema ni kwa sababu vijana waliachia kamba kabla hajamaliza kusema Bismillah, na tangu hapo hataki kusikia habari ya kisu kisichosomewa. Sasa hospitali alikolazwa wana roboti ya kunyoosha mifupa, na Daktari Odero, Mkenya mmoja mpole sana, alikuja kitandani akatueleza kwamba mashine itavuta vipande vya mfupa na kuvipanga sawasawa huku yeye akiangalia picha, kisha yeye mwenyewe atatia chuma ndani, na tukichelewa mfupa utaunga vibaya na mume wangu atachechemea maisha yake yote. Mume wangu akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Hii mashine yako iko na mdomo?"

Daktari akasema hapana.

"Basi nani atasema Bismillah?"

"Mzee, kisu nitashika mimi."

"Wewe daktari ni mutu muzuri," mume wangu akamwambia, "lakini wewe ni Mkristo, na hii mashine hata hatujui dini yake."

Akaagiza ndugu zake waje wamchukue wampeleke kwa mzee anayeunga mifupa kwa majani. Mama, nilichanganyikiwa, ndipo Nasif, ambaye anauza simu sokoni Nakivubo, akaleta spika ndogo yenye sauti ya mtu akisema Bismillah, nami nikamwambia mume wangu kwamba mashine hii imetengenezwa na Waislamu na huisema yenyewe kabla ya kugusa mtu, nikamsikilizisha, na nesi Ayot amekubali kuificha spika chini ya kitanda cha upasuaji. Mume wangu amefurahi, amekubali apasuliwe Alhamisi, ameitangazia wodi nzima, na sasa anataka shehe aje aisikie mashine kwa masikio yake. Nikisema kweli ataondoka na mguu utaharibika, nisiposema nimemdanganya mume wangu kwa jina la Mungu, na kinachoninyima usingizi ni kwamba asipoamka huko ndani, sauti ya mwisho aliyoisikia itakuwa ya spika ya Nasif.

Mke wa Mchinjaji

JIBU

Mke wa Mchinjaji, pole sana. Pole imekwisha, sasa nikugombeze kidogo.

Nasif mwambie arudi Nakivubo akauze simu. Spika mrudishie, na nesi Ayot mwombe radhi kabla hajafukuzwa kazi kwa ajili yenu.

Mume wako amechanganya mambo mawili, na wewe badala ya kumwambia ukaenda kutafuta chaji. Bismillah ya machinjioni ni ya mnyama anayechinjwa ili aliwe. Yeye nani anamla? Daktari Odero hana mpango wa kumuuza kwa kilo. Mume wako anatibiwa, na mgonjwa ana mdomo wake. Kabla ya dawa ya usingizi aseme Bismillah mwenyewe, kwa sauti, mpaka mwisho, na wote wamsubiri. Hilo kamwombe daktari leo: asianze mtu, wala mashine, kabla mgonjwa hajamaliza. Nimesoma barua yako mara mbili, na naona huyu bwana hakuvunjwa na dini ya mtu yeyote. Alivunjwa na haraka ya vijana wake. Anachoogopa ni kuanzwa kabla hajawa tayari, na kati yenu nyote hakuna aliyemuuliza.

Shehe aje, si mume wako anamtaka. Lakini aje kuzungumza na mgonjwa, asije kukagua imani ya mashine. Ndugu wa mume wakija na machela yao, waulize ni nani kati yao atamshika mkono kwenda msalani mwaka kesho, mguu ukishapinda. Wengi watakumbuka wana kazi.

Utasema, nikimwambia ukweli atakasirika. Atakasirika, na ana haki. Bahati nzuri mguu umefungwa, hawezi kukukimbia, kwa hiyo vuta kiti ukae hapo mpaka amalize.

Akishamaliza, mwambie jambo moja ambalo hujamwambia. Umeniandikia barua ndefu kuhusu roboti, kumbe unaogopa kumpoteza mume, na hofu hiyo umeileta kwangu mimi nisiyemjua hata sura yake. Yeye yuko hapo Kampala, amelala chali, anaongea habari za mashine kwa sababu naye anaogopa. Nenda leo. Na Alhamisi msindikize mpaka pale mlangoni wanapokuzuia, uiname karibu na sikio lake, mseme Bismillah pamoja, ili sauti ya mwisho anayoingia nayo iwe yako.