Mkono Niliouachia Igamba

Mpendwa kaka Elia,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeinuka, nikijidai naenda kuchemsha chai. Chai yenyewe iko mezani, imepoa. Sasa nimekaa, na nitaandika kabla miguu haijaninyanyua tena.

Wifi alinipigia juma lililopita. Alisema kifafa kilikuangusha sokoni Nakonde, karibu na jiko la mama wa vitumbua, na binti yako Upendo akakimbilia kukushika. Watu wakamvuta gauni: "Usimguse, utaambukizwa!" Mtoto ana miaka tisa. Nami nilikuwa na miaka tisa, kaka. Tangu simu ile situlii.

Unaikumbuka siku ile ya mahindi mabichi kule Igamba, nyuma ya kichanja cha kahawa? Tulikuwa tumetoka kugeuza kahawa juani, ukawa unanitania kwamba nachagua hindi la kuchoma kama mama mkwe anayemchagulia mwanawe mchumba. Halafu ukakatika katikati ya kicheko, ukaanguka kando ya moto. Ulipozinduka, shangazi alikuwa ameshakufunga mkono kwa kitambaa, lakini hukuuliza habari ya vidole. "Nilikwenda wapi?" uliniuliza. "Wewe si ulikuwepo?" Kila ulipoanguka uliuliza hivyohivyo, kwa hasira, utadhani kuna njia niliyokuficha.

Swali hilo ndilo lililonileta huku Ulaya, ingawa kwenye fomu za masomo niliandika sababu za heshima zaidi. Hapa maabara tuna samaki wachanga wasiofikia urefu wa punje ya mchele, na miili yao ni angavu hata ubongo unaonekana. Seli za ubongo huo zimefanywa ziwake kila zinapofanya kazi. Namtuliza mmoja ndani ya ute unaoganda, natia dawa inayomletea degedege, kisha natazama kwa hadubini. Panawaka mahali padogo, seli ile inaamsha jirani yake, jirani naye anaamsha wengine, mpaka ubongo wote unawaka. Kazi yangu ni kuchora ramani ya seli ipi imeunganishwa na ipi. Narudisha picha nyuma, narudisha tena, natafuta iliyoanza. Mkuu wangu ananiambia nipumzike. Nipumzike vipi?

Basi jibu langu, baada ya miaka yote hii, ni dogo: hukwenda popote. Ulikuwa humohumo, seli zako zimeamshana zote kwa pamoja. Na mapovu yale yanayokutoka mdomoni ni mate, Elia. Mate tu. Hayamwambukizi mtu kifafa.

Hapa ndipo ninapoinuka kwenye kiti kila mara. Siku zote nimekuacha uamini kwamba nilikufikia ukiwa umeshaungua. Si kweli. Ulipoanza kuyumba nilikudaka. Nilikuwa nimekushika kifundo cha mkono, nimekuvuta, na moto ulikuwa mbali nawe. Shangazi akapiga kelele kutoka mlangoni, "Achia! Mapovu yatakupata!" Nikaachia, na mkono wako ukaenda kwenye makaa. Tangu hapo ukawa unanisifu mbele ya wageni, "Huyu ndiye aliyenitoa motoni," na mimi nikazipokea sifa hizo huku natazama vidole vyako viwili vilivyogandana. Naona aibu mpaka leo.

Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, nikasirikie, ni haki yako, lakini usingoje hasira iishe ndipo umwite Upendo. Mwambie hakukosea kukimbilia. Asikukandamize, wala asikutie kitu mdomoni. Akuvute mbali na jiko, akulaze ubavu, akae nawe mpaka uamke. Wanaopiga kelele awaache wapige.

Na akikuuliza vidole vyako vilipatwa na nini, usimpe ile hadithi yetu ya zamani. Mwambie shangazi yake huyu wa Ulaya alikuwa amekushika vizuri, akaambiwa aachie, akaachia.

Nakupenda, kaka. Nasubiri simu yako, hata kama ni ya kunigombeza.

Mdogo wako