Peremende za Mwalimu Yustus

Nyakatuntu, Karagwe,
8 Septemba 1957.

Mpendwa kaka Rwegoshora,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, kaka. U hali gani huko Jinja, wewe na shemeji Adventina? Mtoto ameshaota meno? Na kile kikohozi cha kiwandani kimepungua? Mama ananiuliza hayo kila ninaposhika kalamu, na leo ameyauliza mara mbili nisije nikasahau. Sisi huku tu wazima wa mwili. Kahawa imechanua, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Habari njema zimeishia hapo, kaka. Posa ya Gosbert kwa dada yetu Kemirembe imevunjika, na aliyeivunja ni mimi. Huenda umeshasikia kwa watu kwamba nilimnywesha baba yake Gosbert, mzee Kahigi, mafuta ya taa. Ni kweli, nilimnywesha. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana jambo hili lilianza zamani.

Unakumbuka Pasaka ya mwaka 1955, nilipoanguka na baiskeli yako kwenye mteremko wa Nyakahanga nikapiga kisogo kwenye jiwe, ukanibeba mgongoni. Nilipona, mama akatoa shukrani kanisani, nami nikaenda chuo cha ualimu. Kule kila chakula kilikuwa kilekile mdomoni. Nikadhani ndivyo vyakula vya chuo vilivyo, na kwa kuwa wenzangu nao walilalamika kila siku, sikuwa na wasiwasi.

Mwezi wa Mei mwaka huu mwalimu wetu wa hesabu, Bwana Yustus, alitaka kutuonyesha namna ya kutambua kwa hesabu kama mtu anajua jambo au anabahatisha tu. Alinunua peremende za ladha nne: ndimu, chungwa, nanasi na ndizi. Akazikata vipande vidogo kwa kisu, akatufunga vitambaa machoni tusione rangi. Kila mmoja alionja vipande ishirini, vitano vya kila ladha vikiwa vimechanganywa, na katikati unasukutua kwa maji. Wewe unataja, mwenzako anaandika. Mwalimu alisema mtu anayebahatisha atapata kama vitano. Akizidi sana hapo, basi anajua.

Tulicheka sana siku ile, maana watu wazima na ndevu zao walikuwa wamefumbwa macho wakimumunya kama watoto. Wenzangu walipata kumi na tano, kumi na sita. Mimi nilipata vinne. Walinizomea, wakauliza ni Mnyambo gani huyu asiyeijua ndizi. Mwalimu alidhani nafanya mzaha, akanirudishia kesho yake na kesho kutwa. Nikapata vitano, kisha sita. Jumla ni kumi na tano katika sitini. Akaandika ubaoni neno "robo", akanitazama, akalifuta haraka. Hakuna aliyecheka tena.

Alinipeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari akaniwekea puani karafuu, halafu kahawa, halafu samaki mkavu, nikamwambia sisikii kitu. Akasema nilipoanguka nilikata mishipa ya kunusia, na bila pua ulimi hujua utamu, chumvi, ukali na uchungu, basi. Akasema kama miaka miwili imepita bila kurudi, nisiingojee.

Sikumwambia mtu, kaka, na hilo ndilo kosa langu. Kila likizo mama hunipikia ndizi kwa maharage na samli, kisha hukaa mbele yangu kunitazama nikila. Ningemwambiaje kwamba kwangu ni kama kutafuna karatasi? Nilisema, "Tamu, mama," nikaomba niongezwe.

Ikafika ile Jumamosi ya Agosti, siku ya wakwe. Kwa kuwa baba hayupo tena na wewe uko mbali, lubisi ya wageni, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa juu yangu. Mzee Kashaija alitutengenezea nzuri, kila mtu aliisifu ikiwa kwake. Asubuhi nilikwenda kuichukua, vibuyu havikutosha, nikaazima debe kwa jirani. Nililisuuza, nikalitazama ndani, likang'aa. Macho yangu ni mazima, kaka, nikayaamini. Nilipofika nyumbani nikamimina lubisi ya lile debe katika kibuyu kikubwa cha wageni, nikakiziba kwa jani la mgomba.

Wageni walipoketi nilionja kwanza mbele yao, kama ufanyavyo wewe. Nikavuta mrija mara tatu, nikasema iko safi. Mzee Kahigi akavuta mara moja, akatema palepale kwenye nyasi.

"Kijana, hii si mafuta ya taa?"

Mama akainama kunusa, akajishika kichwa. "Waitu, Melkiory, hukusikia?"

Kumbe lile debe jirani alikuwa akiwekea mafuta ya taa. Lakini kilichotumaliza ni ile mivuto yangu mitatu. Walisema asiyejua angetema kama wao, na mimi nimekunywa bila kukunja uso ili niwacheke. Wakaondoka wote, hata Gosbert mwenyewe. Aligeuka mara moja kumtazama Kemirembe, kisha akamfuata baba yake.

Siku ile nilimweleza mama yote. Kesho yake nikaenda kwao akina Gosbert, Nyakakika, na karatasi ya chuo yenye hesabu zangu na sahihi ya mwalimu. Mzee Kahigi anajua kusoma. Aliisoma polepole, mbele na nyuma, akanirudishia. "Hii ni hesabu ya peremende," akasema. "Sisi tulikunywa mafuta."

Sikuombi uwaandikie. Jumapili iliyopita matangazo ya ndoa ya Gosbert yalisomwa kanisani, na jina lililosomwa pamoja na lake si la dada yetu.

Kemirembe hakusema nami wiki nne. Jana alasiri alinijia na kopo la peremende zilizobaki, nilizopewa na mwalimu. Akanifunga macho kwa kitambaa alichokuwa akimdarizia Gosbert. Akanipa mojamoja, nami nikataja. Ile ya mwisho niliimumunya sana, nikitamani nipate japo hiyo. Nikasema ni ya ndimu. Akanifungua macho, nikaona ameshika kibatari kilichofunguliwa. Alikuwa ameichovya humo.

"Kumbe hukukusudia," akasema. Kisha akalia kuliko siku ile walipoondoka. Nadhani alitaka iwe nilikusudia, apate mtu wa kumchukia. Sasa hana hata huyo.

Nisalimie shemeji Adventina, mbusu mtoto, na shangazi Anatolia umwambie tunamkumbuka. Mungu akulindie kifua chako, na pua yako, na kila ulichozoea kuwa nacho bila kukifikiri. Mama anakusalimu sana. Bado ananipikia, na bado anakaa mbele yangu kunitazama. Ila haniulizi tena kama ni tamu. Ananiuliza kama chumvi imekolea, kwa kuwa chumvi naiweza.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Melkiory