Bakuli la Kichwa

Mama yangu mpenzi,

Mimi mwanao Espoir ndiye mwanaume muhimu kupita wote, kutoka Mbarara hadi kwenye mpaka wa Tanzania. Usicheke. Nikilala, malori yanalala. Nikipiga chafya, depo yote inauliza kama nimekunywa dawa. Wale walimu wa Uvira waliosema kichwa changu ni cha kubebea ndoo tu, waambie sasa kinabeba kambi nzima.

Goti lako linaendeleaje? Bado linauma mvua ikikaribia? Na yule mbuzi wako mwehu, bado anakula sabuni za jirani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka, Mama, na leo nakuandikia kwa hasira, univumilie.

Kazi yangu unaijua: kupakia vitu Mbarara, kuvileta hapa kambini Nakivale, na kuhakikisha vinamfikia kila mlemavu. Magongo, viti vya magurudumu, mahindi, maharagwe. Sasa hao wanaotuma viti wana akili gani? Tairi nyembamba kama za baiskeli ya mtoto, nzuri kwa sakafu ya hospitali. Huku mvua ikinyesha kidogo tu, kiti kinazama. Koko Furaha, bibi mmoja wa Fizi ambaye miguu yake ilikufa zamani, alipewa kimoja. Anakaa juu ya kilima. Hawezi kukifikisha hata kwenye bomba la maji chini, sembuse fasi ya mgao, pale chakula kinapogawiwa. Nikamwambia bosi wangu Tumwine, mtu wa Mbarara. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi: "Wewe kijana, kiti iko, mzee iko. Sasa shida iko wapi?"

Nilitamani kumkalisha yeye humo nimsukume mpaka ziwani.

Kwa hiyo siku za mgao, jirani yake Mama Zawadi ndiye aliyekuwa akimbebea. Na hapa kuna desturi: anayekubebea gunia kichwani anachota humo bakuli moja lake. Linaitwa bakuli la kichwa. Mama, damu ilinipanda! Mtu mwenye miguu miwili anamla asiye na hata mmoja! Na Mama Zawadi alikuwa akiwabebea wengi. Nikamganda bosi mpaka akanipa pikipiki na dereva, na kila gunia likafika mlangoni kwa mlemavu bila kufunguliwa. Wageni wakaja kutoka Kampala kutupiga picha. Nilisimama katikati, miwani ya jua usoni.

Mama Zawadi akanifuata depo, mbele ya watu.

"Weye mutoto, unakata bakuli yangu?"

"Yako ya wapi, mama? Ni ya Koko. Ulikuwa unamuiba."

"Namuiba? Nani anamutekea maji kila asubuyi? Nani anamutoa inje aote jua? Pikipiki yako itamuogesha?"

"Maji haitoki depo, mama. Ambia bomba ikulipe!"

Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Nilijiona jogoo. Yeye hakucheka. Tangu hapo akawa anatoka alfajiri kwenda kulima mashamba ya wenyeji, Wanyankole, upande wa Rwekubo, watoto wake wapate kula, na kurudi giza likiingia.

Mvua ikaja. Koko akakaa bila maji, akaona aibu kuita watu. Akajikokota mpaka kwenye kile kiti, akajaribu kushuka mwenyewe hadi bombani, kidumu mapajani. Gurudumu moja likazama, kiti kikapinduka. Dereva wa pikipiki aliyempelekea maharagwe ndiye aliyemkuta matopeni, nyonga imevunjika. Na gunia bado liko mlangoni pake, halijafunguliwa, kama nilivyoagiza.

Nimegombana na bosi. Kile kiti nimekipiga teke mpaka kidole kikavimba. Nimewatukana waliokitengeneza, ukoo kwa ukoo. Juzi nilipokwenda Mbarara kupakia, nikapita hospitali. Koko amelala, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha. Akanishika mkono.

"Espoir, yule mwanamuke wangu Mama Zawadi, unamupatia bakuli yake?"

"Ndiyo, Koko."

"Vizuri. Batoto yake iko mingi."

Basi, Mama. Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea imebaki fupi kwa sababu mimi ni mrefu wa cheo. Nisalimie dada Neema muuza samaki, na shangazi yule anayeomba kanisani mpaka mchungaji anaziba masikio.

Nimeshasalimia wote na bado nimeshika kalamu. Nimekuandikia juu ya tairi, juu ya bosi, juu ya mvua. Lakini tulipokimbia vita mara ya kwanza, wewe ulikuwa ukimbebea gunia yule mzee kipofu, na bakuli lake ndilo lililonipa nguvu hizi ninazoringia. Nililijua bakuli hilo, Mama. Nililila. Nikamwita Mama Zawadi mwizi, watu wakacheka, na Koko akabaki hana wa kumtekea maji. Na pale kitandani nilimdanganya. Bakuli bado sijalirudisha.

Ni mimi uliyenilisha,
Espoir