Panya Hawakunywa Supu

Themi, Arusha

Kaka Lemomo,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa konda wa basi la Mwanza barua hii. Huku mvua imeanza, maharage ya Mama yamechanua, na mimi bado nalisha panya pale maabara.

Niliyokusimulia yalikuwa kweli. Tuliwapa panya sumu, kisha dawa, na wiki ya kwanza dawa ilizuia maini yao yasichakae. Lakini wiki ya nne tulipowapasua wengine, maini yalikuwa yamechakaa sawasawa na ya wale waliopewa sumu kisha maji matupu badala ya dawa. Dawa inakinga kwa muda mfupi tu, tena kwa panya, si kwa watu.

Wewe hukungoja. Ulimwambia Baba kwamba Silantoi amepata dawa ya ini. Jumapili nilikwenda nyumbani nikakuta ameacha vidonge vya hospitali, na macho yamekuwa ya njano. Ametenga beberu mweusi, anamlisha kwa mkono wake. Atamchinja siku nitakayoleta dawa, aichanganye kwenye supu ya magome kama wazee wanavyofanya.

Nilimweleza habari ya wiki ya nne. Akacheka.

"Panya hawakunywa supu," akasema.

Mimi ni kitinda mimba. Maneno anayoyashika ni yako. Usimpigie. Panda basi, uje umwambie kwa mdomo uleule, na vidonge vyake umpe wewe.

Fanya haraka. Beberu ananenepa, Baba anakonda.

Mdogo wako,
Silantoi