Kichochoro Nilichokiandika Kuwa Kitupu

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda chako cha kamba. Chumba hiki sasa ni cha Shangazi Zuhura. Binti yako amehamisha kila kitu, kisha analalamika kwamba haoni kitu chochote mahali pake. Mikate ya mofa anaipika yeye, migumu kweli kweli, nami naila kimya kwa sababu najua ungenikanyaga mguu ningethubutu kusema. Kuanza kwa mzaha hivi ni uoga tu, Bibi. Nina kosa la kukueleza na radhi ya kukuomba, na nimechelewa kwa yote mawili.

Unakumbuka ile likizo yangu ya kwanza? Ulikuwa ukichambua mchele, ukaniuliza huko Nairobi nasomeshwa nini. Nikakueleza kuwa chuoni kuna watu wanaochunguza namna wanadamu wanavyotembea na kukutana. Mwalimu wa jiografia huchora mapito yao kwenye ramani. Wa elimu ya jamii huuliza nani kamwamkia nani kwanza, na nani kampisha nani. Wanaosomea udaktari hutazama goti na nyonga, na watu wa fizikia wana hesabu zao za uzito na mwendo. Kila kundi lina chumba chake, na wakipishana kwenye ngazi hawaulizani habari. Uliendelea kuchambua, kisha ukasema, “Mwamgawana mtu kama mbuzi wa karamu. Na moyo ametwaa nani?” Nilicheka mpaka machozi. Nikawahadithia wenzangu kama kichekesho, na wao wakacheka.

Mmoja wao alikuwa Kamau, yule mwanafunzi wa udaktari kutoka bara niliyekuja naye kutembea. Alikuomba uvuke ua uende na kurudi, akakutazama kwa makini, akasema nyonga yako ya kushoto imechakaa na ngazi uziache kabisa. Ukamjibu, “Nyonga hii hainiumi nikenda kwa Bi Khadija. Huniuma nikenda hospitali.” Maskini Kamau hakujua aandike nini. Mpaka leo huniuliza habari zako, na bado sijaweza kumwambia.

Basi likizo iliyofuata nilikuja na kazi. Profesa wangu wa jiografia alikuwa amekubaliana na ofisi ya mji kupima njia zetu, ijulikane zipi zina watu na zipi hazina. Akanituma mimi kwa kuwa ni mwenyeji, nami nikavimba kichwa. Nilianza na kichochoro chetu, hiki kinachotoka kisimani, kikapita mlango wetu wa jikoni, mpaka kwa rafiki yako Bi Khadija. Wiki mbili nzima nilikaa kwenye jiwe pale kinapoanzia, viatu vimepigwa rangi, daftari gotini, penseli sikioni. Siku nyingine niliandika watoto watatu na mbuzi. Siku nyingine mbuzi peke yake.

Siku ya pili ulinitolea kahawa, ukainama, ukasema taratibu, “Mwanangu, ukiketi ndiani na kalamu, nani atapita? Hata paka atazunguka.” Unajua nilifanya nini, Bibi? Niliyaandika maneno yako. Niliyaandika pembeni mwa daftari, nikayapigia mstari, nikafurahi kuwa nimepata methali ya kupambia ripoti. Kisha nikanywa kahawa yangu nikaendelea kukaa. Msomi mzima!

Ripoti ikaenda. Nilikiandika kichochoro kuwa hakitumiki. Profesa alinisifu mbele ya darasa, akaahidi kuniandikia barua nipate nafasi ya kusoma zaidi ng'ambo. Nilikuwa nimepanga kuja kukupa habari hiyo mwenyewe, nikuone ukijifanya hujali. Ikaja telegramu ya shangazi.

Sikukuwahi. Ulizikwa jioni ile ile, nami nilikuwa bado sijapata hata gari la kunitoa Nairobi. Nilifika siku ya hitima. Wanaume walikuwa wakisoma mbele, nami sikuweza kukaa nao. Nikaenda nyuma kubeba kuni. Ndipo nilipowaona. Wake wa mtaa huu na wa mitaa ya mbali, wengine wameletwa na punda tangu Matondoni, na wote wanaingia kwa kichochoro kile kile, mmoja nyuma ya mwenzake, na sinia na vikapu vichwani. Siku hiyo nilikuwa mfiwa tu mwenye kuni mikononi, hakuna aliyenijali. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa.

Nikamuuliza shangazi wote hawa wameijuaje njia hii. Akaniangalia kama niliyemuuliza jua linatokea wapi. “Si ndiyo ndia yetu sisi wake? Twapita kila siku. Ni wewe uliyeketi.” Kisha akaniambia lililonikata maini. Wiki mbili zile, wewe na nyonga yako mlipanda ngazi mpaka darini, mkavuka kwa wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba, mkashuka ngazi nyingine kwenda kwa Bi Khadija. Kwenda na kurudi, kila siku, ili usipite mbele ya daftari langu. Shangazi alitaka aje aniondoe pale kwa ufagio, ukamkataza. Ulimwambia, “Mwate afanye kazi yake. Huoni alivyo na furaha?”

Bibi, nililia pale jikoni kama mtoto. Watu walinipa pole ya msiba. Nilizipokea, lakini nusu ya kilio kile ilikuwa aibu.

Haikuisha hapo. Wiki hiyo hiyo akaja jirani yetu mwenye duka la mbao na karatasi mkononi. Ofisi imemruhusu akizibe kichochoro kwa ukuta, afanye ghala, kwa kuwa hakina mpitaji. Nikaenda ofisini kwa Bwana Mutua, yule karani wa bara. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Lakini aliifungua ripoti akaweka kidole. “Sasa Bwana Athmani, hii sahihi si ni yako?” Nikasema ni yangu, na nilichoandika si kweli. Sikukusudia kudanganya, ila nimedanganya. Akafikiri, akasema nimletee hesabu nyingine kabla mafundi hawajaanza.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Nani atahesabu, na nikikaa mimi watatoweka tena? Shangazi ndiye aliyesema, “Tutahesabu wenyewe. Wewe tokomea.” Nikaenda Matondoni wiki nzima. Shangazi na wenziwe wakakaa ndani ya mlango wa jikoni, mlango wazi kidogo, na kila aliyepita wakamwekea kokwa ya tende bakulini. Niliporudi nikakuta mabakuli matatu. Moja la waendao kuteka maji. Moja la waendao kwa wagonjwa na wazazi waliotoka kujifungua. La tatu, shangazi alisema bila haya, ni la wanaokwenda kuzungumza tu, na hilo ndilo lililojaa mpaka likamwagika. Nikayatazama mabakuli yale nikakumbuka vyumba vyote vya chuoni na walimu wasiosalimiana. Hakuna aliyewafundisha wake hawa kuuliza mtu anakwenda kwa nani na kwa nini. Walianzia hapo.

Shangazi alinifuata ofisini na buibui lake na mabakuli yake. Bwana Mutua akainua kokwa moja akauliza, “Na huyu ni nani?” Shangazi akamjibu, “Ni mtu, Bwana. Jina lake la nini?” Karani akacheka, akaifuta ruhusa kwa kalamu nyekundu. Jirani wa mbao hatusalimii mpaka leo.

Kwa Profesa niliandika yote, sikuficha kitu. Alinijibu mistari minne. Kokwa za tende si elimu, na mimi nimemwaibisha mbele ya ofisi. Nafasi ya ng'ambo amepewa mwenzangu. Niliumia, Bibi, sitakudanganya. Siku mbili sikula, hata mofa za shangazi zilipona. Sasa nafundisha watoto jiografia hapa mjini. Wakati mwingine naona wivu, wakati mwingine nasahau kabisa.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilitamani kukipita kile kichochoro mara moja tu. Shangazi aliniambia kuna mahali ukuta umelainika, pale wewe ulipokuwa ukiegemeza mkono kuipumzisha nyonga. Nilitaka kupagusa. Nilifika kinapoanzia, nikasikia ndani sauti za wake wawili, mmoja akimsimulia mwenziwe kisa cha mkwewe, wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Mguu mmoja nilishautia ndani. Nikautoa. Nikageuka, nikazunguka njia kubwa mpaka nyumbani.

Mola akupe nafasi pana huko uliko, na majirani wa kuzungumza nao. Niwie radhi kwa ngazi zile, kwa kila moja yake. Ahadi yangu ni ndogo, lakini nitaishika mpaka nikufuate. Kila nitakapowasikia humo ndani, nitageuka kabla hawajanyamaza.

Mumeo mdogo,
Athmani